Mwito wa Regis Havrilla

Sitaki kusikia mtu akiniambia kwamba Regis Havrilla alifanya makusudi. Nilikuwa nimesimama hatua chache tu kutoka kwake, birika la kahawa mkononi, na nilimwona. Wale waliokuwa juu kule kwenye ngazi za mbao za watazamaji, wamejifunika mablanketi mpaka puani, eti ndio wanaojua kuliko mimi. Haya basi. Kila mtu na mdomo wake.

Mimi ni Bernadine Yurkanin, lakini mji mzima wa Brennerton unaniita Dini, na kwa miaka mingi ndiye niliyekuwa nikihudumia baa ya jumba la zimamoto, mahali mji mzima unapokutana. Mume wangu Leon alikuwa senta wa timu ya mji. Regis alikuwa kwotabeki, na alikuwa rafiki wa Leon tangu wote wawili wakivaa kaptula. Mpira ninaousema ni huu wetu, wa umbo la yai, wa kofia ngumu na mabega ya plastiki. Senta anainama katikati ya wale watano wa mbele, mpira uko chini mkononi mwake. Kwotabeki anasimama nyuma yake, anaweka viganja chini ya makalio ya mwenzake, anaita mwito. Likitoka neno la mwisho, senta anaurudisha mpira kati ya miguu, na hapo ndipo watu wanapoanza kuvunjana mbavu. Nilikuwa nikiwatania kwamba Regis amemshika mume wangu mara nyingi kuliko mimi. Walikuwa wakicheka kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuusikia utani huo.

Mwito wa Regis haukubadilika tangu ujana wao. "Chini! Tayari! Hop!" Maneno matatu yakifuatana, hakuna hata nafasi ya kuvuta pumzi. Likitoka "hop", mkono wa Leon nao umeshatoka. Mambo haya yalimwingia kwenye damu. Binti yetu Paulette, ambaye Regis ndiye baba yake wa ubatizo, alipokuwa mdogo alikuwa akijificha nyuma ya mlango wa jikoni na kupiga kelele "Hop!" baba yake akiwa anakata mkate. Kisu kilikuwa kikiruka. Nilimchapa kwa mchezo ule.

Halafu kuna jambo jingine la kuwajua nalo watu hawa wawili. Leon wangu ni mzito wa kusema. Ukimwuliza kama anataka chumvi, chakula kinapoa bado anafikiri. Regis yeye kimya kilikuwa kinamwasha. Leon akikwama katikati ya sentensi, Regis anaidaka na kuimaliza, na mara nyingi alikuwa anaimalizia palepale Leon alipokuwa anaelekea. Nadhani ndiyo sababu walipendana. Mmoja alikuwa na maneno ya wote wawili.

Vuli ya mwaka 1983 Regis alikuwa anakaribia arobaini na bega lake la kulia lilikuwa limekwisha kazi. Mchana alikuwa akikata vitambaa kwenye kiwanda cha mashati, jioni anakuja mazoezini ananuka dawa ya kuchua. Bado alikuwa na akili ya mchezo kuliko mtu yeyote huku milimani. Alikuwa anamwangalia adui usoni na kujua atakimbilia wapi. Ila mpira wake wa mbali ulikuwa unafika umechoka.

Na mwaka huohuo akarudi Curt Wenrich, kijana wa miaka ishirini, ambaye chuo kilimrudisha nyumbani kwa sababu yeye na vitabu hawakuelewana. Mkono wake, jamani! Alikuwa akirusha mpira kutoka upande mmoja wa uwanja hadi wa pili kana kwamba anatupa jiwe la kuokota njiani. Alikuwa na kiburi kidogo, kile cha ujana ambacho hakiudhi sana, na alikuwa na mwito wake mwenyewe. "Chini! Tayari!" Halafu kimya. Alikuwa anangoja, anangoja, mpaka wale wa upande wa pili wanashindwa kuvumilia wanaruka kabla ya wakati, wanaadhibiwa. Ndipo anaita "hop" kwa raha zake. Hila nzuri. Lakini watu wetu wa mbele waliichukia kufa, maana wao ndio walioinama.

Basi mji ukagawanyika. Mechi zote nyingine unaweza ukashindwa na watu wakakusamehe, ila si ile ya asubuhi ya Siku ya Shukrani, sikukuu yetu ya Alhamisi ya Novemba, dhidi ya Maddock, mji ulio ng'ambo ya mlima. Na kwa mechi hiyo Brennerton ina desturi yake. Kocha haamui peke yake nani aite mwito, yaani nani awe kwotabeki. Wanaamua wale watano wa mbele, kwa sababu ni wao watakaopigwa kwa ajili ya huyo mtu. Jumanne kabla ya mechi wanakaa kwenye meza ya duara katika baa ya jumba la zimamoto, kila mmoja anasema jina mbele ya watu. Hakuna kura ya siri. Ukimkataa mtu, unamkataa akiwa anakutazama.

Jumanne ile baa ilijaa hadi ngazini. Nilikuwa nimepika halupki, kabichi za kuviringisha zenye nyama na wali ndani, na Regis alikaa mwisho wa kaunta na sahani yake kama mtu ambaye jambo halimhusu.

"Siku hizi Regis akirusha mpira," alianza Butch Zelinsky, mmoja wa wale watano, jitu lenye shingo nene, "unaweza ukatoka ukanunua soseji, ukala, ukarudi ukaukuta bado uko angani."

"Na dogo wako akirusha, unadakwa na wapinzani," akajibu Ambrose Gower, fundi bomba, naye ni mtu wa mbele. "Jumamosi kawapa mara mbili. Mara mbili, Butch! Mimi nilidhani kabadilisha timu hatukuambiwa."

"Anajifunza."

"Akajifunzie kwa mama yake. Siku ya Shukrani si chekechea."

"Afadhali anayekosea kwa nguvu kuliko anayepatia kwa huruma," mtu akapaza sauti kutoka nyuma, na watu wakaguna, maana hilo lilizidi.

Regis akageuka kwenye kiti. "Endeleeni tu, jamani. Sijafa, nakula."

"Wewe mzee, bega linasemaje?" Butch akamwuliza.

"Linasema wewe ndiye ulilivunja, maana ulipitwa na yule mtu wa Maddock kama mlango wazi."

Baa ikalipuka kwa kicheko, na Butch mwenyewe akacheka mpaka akapaliwa. Curt alikuwa amesimama karibu na mashine ya sigara, masikio yamemwiva, anajifanya kusoma bei. Nilimwonea huruma. Ni vigumu kubishaniwa na watu wazima ukiwa umesimama pale.

"Mimi shida yangu ni kile kimya chake," Ambrose akasema, akimnyooshea Curt uma. "Nimeinama pale mgongo unaniuma, nasikia 'tayari', halafu nasubiri kama kuku anayesubiri kisu. Dogo, unasubiri nini? Barua?"

"Nasubiri waruke, mzee," Curt akasema.

"Tutaruka sisi!"

Kocha Clem Bartosh akagonga meza, wakaanza kutaja majina. Butch akasema Curt. Ambrose akasema Regis. Wa tatu akasema Regis, wa nne akasema Curt baada ya kumtazama Regis na kusema "niwie radhi". Ikabaki kwa Leon.

Leon akakaa kimya. Niliacha kufuta glasi. Jumba zima lilikuwa likimtazama mume wangu akitazama viganja vyake. Siku nyingine yoyote Regis angekwisha kumsaidia, angesema neno la mzaha, angemmalizia. Safari hiyo tu alingoja.

"Kijana," Leon akasema.

Nilijua uso wa Regis, na kwa sekunde moja sikuutambua. Kisha akashuka kwenye kiti, akaja hadi mezani, akamshika Leon begani. "Umesema sawasawa, senta." Akavuka baa nzima akampa Curt mkono mbele ya watu. "Sikiliza, dogo. Leon ana mkono mzito. Viganja vyako viwe pale pale mpaka mpira ufike. Usivitoe hata kwa kukuna pua."

"Sawa, mzee. Asante, mzee."

Njiani kurudi nyumbani nilimwuliza Leon kwa nini. Tulipita safu nzima ya nyumba kabla hajajibu.

"Analala amekaa, Dini. Mkewe aliniambia kabla hajaondoka. Hawezi kulalia lile bega. Maddock wakimwangusha upande ule mara moja, hatainua kikombe tena."

"Umemwambia Regis hivyo?"

"Atasema namhurumia."

Wanaume. Basi Regis akabaki anajua tu kwamba rafiki yake alimkataa, na akalimeza, na akalimeza vizuri. Hilo nalisema kwa sababu watu hulisahau. Jumatano jioni nzima alikuwa na Curt uwanjani akimwonyesha mahali mlinzi wa Maddock anapoegemea mguu.

Alhamisi asubuhi kulikuwa na baridi ya kukata masikio. Uwanja wetu una vumbi la makaa ya mawe kutoka migodini hata pale wanapodai kuna nyasi, na saa nne mechi ilipoanza pumzi za watu zilikuwa zinapanda kama moshi. Mimi nilikuwa pembeni kwenye benchi letu na birika, kama kila mwaka. Regis alikuwa amevaa jezi yake na koti juu yake, kofia ngumu ameiweka chini.

Hakukaa hata dakika moja. Kila Curt alipokwenda nyuma ya Leon, Regis naye pembeni alipinda magoti, akaweka viganja mbele yake, kimoja juu kimoja chini, hewani. Midomo ikawa inaenda. "Chini, tayari, hop." Alikuwa akisema kwa sauti ya chini, na kila mara alifika kwenye "hop" kabla ya Curt, kwa sababu Curt alikuwa kwenye kile kimya chake. Mpira ukiondoka, Regis anarudi hatua tatu, anainua mkono, bega linamkumbusha, anaushusha. Halafu tena. Macho alikuwa anayafumba.

"Shemeji," nilimwambia, "wewe unacheza uwanja gani?"

Hakunisikia. Nilimwekea kikombe cha kahawa miguuni kikapoa pale.

Na kijana alicheza, msinielewe vibaya. Alitupa mipira miwili mirefu ambayo Regis asingeitupa hata alipokuwa na umri wa Curt. Baada ya ule wa pili Regis alipiga kelele, "Huyo! Huyo ndiye!" akampiga kocha mgongoni mpaka kofia ikamtoka. Alikuwa na furaha ya kweli. Mtu anayepanga kuharibu hafurahi namna ile.

Mwishoni Maddock walikuwa mbele kwa pointi nne. Curt akatuleta uwanja mzima mpaka mlangoni kwao, hatua moja tu kutoka mstari wao, ule ambao ukiuvuka na mpira unapata pointi sita. Zimebaki sekunde chache, nafasi moja. Kila mtu alijua kitakachofanyika: Leon na wenzake wasukume, Curt apite juu yao. Hatua moja.

Kwetu timu ikifika pale, watu wa nyumbani wananyamaza ili wachezaji wausikie mwito. Ngazi zote zikanyamaza. Hata watoto. Nilikuwa nasikia bendera ikipiga mlingoti.

"Chini!" Curt akaita. "Tayari!"

Kimya.

Nikamwona Curt anatoa mkono mmoja, anamwonyesha Butch yule jamaa wa Maddock aliyesogea. Sekunde moja tu.

"Hop!"

Ilitoka kando yangu. Haikuwa kelele, ilikuwa sauti yake ya kazi, ile ile, lakini katika ule ukimya ingesikika hadi kanisani. Na Leon akaurudisha mpira. Wote watano wakainuka pamoja, wazuri kama siku zote, wakawasukuma Maddock nyuma ya mstari. Wangepita hata watu wawili. Ila mpira uligonga kifundo cha mkono wa Curt, ukaanguka kwenye vumbi, na mtu mnene wa Maddock akaulalia.

Nilimtazama Regis. Bado magoti yake yamepinda, viganja viko mbele. Akafumbua macho kama mtu aliyeamshwa. Akaona. Akaweka mkono mdomoni, na aliuacha pale muda mrefu sana.

"Havrilla!" mtu akapaza sauti kutoka ngazini. Halafu wengi. Kopo la bia likaanguka karibu na miguu yangu. Curt alikuja akiwa amevua kofia, uso umejaa makaa na machozi, akasimama mbele yake. "Mzee," akasema, "kwa nini?" Regis hakuwa na neno. Regis!

Kila Siku ya Shukrani alikuwa anakula kwetu, na tangu mkewe amwache ndio kabisa, hakuwa na pengine. Nilitoa bata mzinga kwenye oveni, nikapanga sahani, yake mahali pake. Leon alikaa mezani bado na jezi, mkono wa kulia ameulaza juu ya kitambaa cha meza kana kwamba ni wa mtu mwingine. Paulette alikuwa juu analia.

Regis aliingia kwa mlango wa jikoni bila kubisha, kama kawaida yake. Ila koti hakulivua. Alisimama kwenye zulia la mlangoni.

"Wanasema kule chini kwamba nilifanya makusudi," akasema. "Eti nililipiza. Butch kageuza uso." Alikuwa anazungumza na Leon, mimi kama sikuwepo. "Wao waseme. Nataka nikuulize wewe tu, halafu basi. Wewe unadhani nilifanya makusudi?"

Leon akatazama mkono wake.

Sema, Leon. Ndivyo nilivyokuwa nikisema moyoni, sema neno moja. Mimi nilikuwa nalo, lilikuwa mdomoni kabisa, lakini hakuniuliza mimi, na jibu langu lisingemfaa kitu. Saa ya ukutani ilikuwa inasikika. Mchuzi ulikuwa unachemka. Leon akafungua mdomo, akaufunga.

Na Regis, ambaye maisha yake yote hakuweza kuvumilia kimya, akaimalizia sentensi mwenyewe.

"Sawa," akasema. "Ni sawa, senta. Nimeelewa." Akavaa kofia yake, akatoka.

"Hapana," Leon akasema. Mlango ulikuwa umeshafungwa.

Nilikimbia nje na aproni. Gari lilikuwa linakata kona. Niliporudi nilimwakia mume wangu kama sijawahi kumwakia. Nilimwambia nimemwona Regis asubuhi nzima akicheza kwa macho yaliyofumbwa, mtoto mdogo angejua, na yeye anashindwa kusema neno moja kwa rafiki wa maisha?

Aliniacha nimalize. Kisha akasema polepole, "Sikuwa namfikiria yeye, Dini. Yeye najua. Nilikuwa najiuliza mimi."

"Wewe nini?"

"Ile sauti. Mkono ulipotoka... nadhani nilijua si ya Curt. Nadhani nilijua, na bado nilifurahi kuisikia." Macho yalikuwa yamemjaa. "Nilitaka kumwambia hivyo. Ndiko nilikokuwa naelekea."

Nilikaa chini. Sahani ya Regis ilikuwa bado mbele yetu.

Asubuhi iliyofuata Leon alikwenda kwake akakuta mapazia yamefungwa. Alikwenda tena na tena. Kabla ya Krismasi Regis aliacha kiwanda akahamia kwa dada yake, mji wa Trenton, hakuaga mtu. Mimi niliwaambia watu pale baani nilichokiona, nikawaambia mpaka nikachoka. "Dini, wewe ni mtu wao," walinijibu. Curt peke yake ndiye aliyeniamini. Aliniambia asingetoa mkono kumwonyesha Butch, yasingetokea, kwa sababu mzee alishamwonya. Kijana mzuri yule. Mwaka uliofuata akawa anaita bila kungoja, "Chini! Tayari! Hop!" lakini Leon alikuwa amekwisha kuacha mpira.

Pasaka nilimsumbua dada yake Regis mpaka akanipa namba. Niliipiga mwenyewe, nikampa Leon simu, nikasimama nyuma yake ili asikimbie. Nilikuwa nasikia sauti zote mbili. Walisalimiana. Regis akauliza habari za Paulette, akauliza kama theluji imeisha, akasema kazi ya huko si mbaya, ni ya kukaa. Alikuwa anaongea haraka, hakuacha hata ufa.

"Regis," Leon akasema mwishowe. "Siku ile jikoni."

Upande wa pili pakanyamaza. Nikamshika Leon mgongoni. Akavuta pumzi. Nilihisi mbavu zake zikipanda, nikajua neno linakuja, lilikuwa njiani kabisa.

"Yamepita, senta," Regis akasema. "Wasalimie nyumbani." Akakata simu.